Kabla Hujamwambia Mtoto Afungue Mdomo

Kendi mwanangu,

Umeenda kuaga nyanya yako, na najua hatakuachilia kabla hujala chakula chake na kuombewa, kwa hiyo nimebaki na meza hii peke yangu jioni nzima. Sanduku lako liko hapo mlangoni. Habari za blanketi, neti ya mbu, maji ya kuchemsha na joto la huko Kiambere unakokwenda kufanya kazi tumeziongea mpaka umechoka kunisikiliza. Sitazirudia.

Nataka kuongea juu ya Jumapili. Ulipotuambia kwamba mwenzako wa afya ya meno aliyekutangulia huko alifukuzwa na wazazi, kwa sababu ulienea uvumi kwamba anawang'oa watoto meno shuleni, mimi nilikuambia usiende. Nilikuambia kwa sauti iliyomfanya baba yako aache kula. Wewe ukasema, "Mami, hii ndiyo kazi nilisomea," ukatoka nje. Neno lile nimeliondoa. Nenda. Lakini ujue lilitoka wapi, kwa sababu halikutoka kwa kukudharau. Mimi nimewahi kuona wazazi wenye hasira wakiingia uwanja wa shule, na waliyekuwa wakimtafuta alikuwa mimi.

Kila mtu hapa anajua kidogo juu ya habari ya Karimi. Wewe ulikuwa darasa la pili, na siku ile mliambiwa msitoke darasani. Kwa hiyo nikusimulie kama ilivyokuwa.

Mwaka ule mwalimu mkuu alinituma Meru mjini kwenye semina ya afya ya kinywa. Ilikuwa ya siku moja. Aliyetufundisha alikuwa daktari wa meno, mama mfupi mwenye sauti ya upole, na alituonyesha jinsi ukoga unavyojikusanya pale jino linapokutana na ufizi, na ufizi unavyovimba na kutoka damu kwa sababu hiyo. Nilirudi na mfano wa taya la plasta mkononi, na kichwa kimejaa. Nilikuwa nimejua vya kutosha kuongea mbele ya watu, lakini si vya kutosha kuulizwa maswali. Hilo sikulijua bado.

Nilianza Jumatatu iliyofuata. Baada ya uji, darasa la tano lote lilikuwa linakusanyika karibu na tangi la maji, kila mtoto na kijiti chake cha kupigia mswaki. Nikawaambia wasugue. Daktari alikuwa amesema taratibu, kwa kuzungusha, na kijiti kitafunwe kwanza mpaka kiwe laini kama nyuzi. Mimi nilisikia "sugua" peke yake. Nilifundisha meno kama mtu anayefundisha kusugua sufuria iliyoungua. Watoto wakatema damu kwenye nyasi, wengine wakaonyeshana wakicheka. Jioni walipofika nyumbani na midomo inawauma, kuna mama alinitumia ujumbe kwamba kama nataka damu niende buchari.

Hilo lilikuwa kosa ambalo lingerekebishika kwa wiki moja. La pili ndilo lililokuwa baya. Kila Ijumaa kwenye gwaride nilikuwa napita nikiangalia vinywa, halafu natenga laini mbili: wenye meno masafi huku, wenye meno machafu kule. Wale wa kule walikuwa wanabaki wamesimama mbele ya shule nzima mpaka wenzao waingie darasani. Niliamini kabisa kwamba aibu itawasaidia. Walimu wenzangu walinisifu. Watoto kwa kweli walianza kusugua meno, na mimi nikafurahi, sikuuliza wanafanya nini wale ambao meno yao hayawezi tena kung'aa hata wakisugua mpaka kesho.

Karimi alikuwa mmoja wa hao, ila sikujua. Alikuwa msichana mrefu, mkimya, anayekaa kiti cha nyuma, na ukimfanya acheke anaweka kiganja mdomoni. Nilidhani ni adabu. Baba yake alikuwa mchuuzi wa miraa, mtu wa maneno machache na hasira ya karibu. Muhula huo Karimi alianza kukosa shule siku za Ijumaa. Akirudi Jumatatu anasema alikuwa anachunga mtoto.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa asubuhi ya baridi, ukungu umelala juu ya mashamba ya chai mpaka huoni lango la shule. Nilikuwa ubaoni. Nikasikia sauti ya mwanamume nje.

"Mwalimu wa meno ako wapi? Atoke!"

Nikatoka. Alikuwa Baba Karimi, na nyuma yake wanaume wawili na mama mmoja ninaowajua wote. Karimi alikuwa amesimama kando yake, amefungwa leso kichwani mpaka shingoni.

"Baba Karimi, karibu. Kuna nini?"

"Usinikaribishe. Angalia hii mtoto. Angalia kazi yako."

Akaivuta leso. Kendi, kidevu na shingo vilikuwa vimekuwa kitu kimoja. Ngozi ya chini ya taya ilikuwa imevimba, imekaza, inang'aa. Mdomo ulikuwa wazi kidogo tu na udenda unashuka bila yeye kuupangusa. Alikuwa anapumua kwa sauti, kama mtu anayekoroma hali yuko macho.

"Ulisugua yeye na vijiti vyako mpaka sumu ikaingia," alisema. "Sasa nampeleka kwa yule mzee wa sokoni akate huo ufizi, damu mbaya itoke. Lakini kwanza nilitaka hawa walimu wote waone."

Mwalimu mkuu alikuwa amefika. Alinishika mkono akanivuta kando, akaninong'oneza, "Nyamaza. Waache waende. Ukimgusa huyo mtoto na kitu kimpate, mimi siwezi kukutetea."

Na mimi nikanyamaza. Sijui ni kwa muda gani. Nilikuwa nawaza kazi, nakuwaza wewe darasa la pili, nawaza kwamba huenda ni kweli, huenda ni mimi niliyemtia sumu kwa kijiti. Daktari wa semina alikuwa amesema neno moja wakati tunafunga vitabu, karibu kama mtu anayekumbuka kitu mlangoni: uvimbe ukishuka chini ya taya, na mtoto akashindwa kumeza mate yake mwenyewe, usingoje kesho. Neno hilo nililikumbuka. Nililikumbuka na bado nikanyamaza. Baba Karimi alikuwa ameanza kumfunga mtoto leso waondoke.

Kilichonitoa pale ni ile pumzi yake. Ilikatika kidogo, ikarudi.

"Mpe maji anywe kwanza," nikasema.

"Maji ya nini?"

"Anywe tu, funda moja, ukiwa unaangalia. Halafu mwende popote mnapokwenda."

Yule mama aliyekuja naye akachota maji kwenye kikombe cha uji. Karimi akakishika kwa mikono yote miwili. Alijaribu. Maji yakarudi kupitia puani na pembeni mwa mdomo, na macho yakamtoka kwa hofu, akashika shati la baba yake.

"Meza," baba yake akamwambia. Kisha kwa sauti nyingine kabisa, sauti ambayo sikujua anayo, "Meza, mama. Kidogo tu."

Akatikisa kichwa. Yale mate yalikuwa yanamtoka si kwa uchafu. Hakuwa na pa kuyapeleka.

"Baba Karimi," nikamwambia, "lawama nipe mimi. Nitakuwa hapa, sihami, utakuja unishtaki. Lakini koo linafunga. Ukimpeleka kwa yule mzee atakata ufizi, na ugonjwa umeshashuka shingoni. Twende hospitali sasa hivi."

Alimbeba mtoto akaanza kutembea kuelekea barabarani, na mimi nikamfuata bila kuaga mtu. Pikapu ya maziwa ilikuwa inapakia pale juu. Dereva alikuwa Kinoti, unamkumbuka, yule aliyekuwa anakupigia honi ukienda kanisani. Aliangalia shingo ya Karimi mara moja, akaanza kushusha mitungi ya maziwa ya watu akaiacha kando ya barabara.

Tulikaa nyuma, mimi na Baba Karimi na mtoto katikati. Barabara ilikuwa tope tupu. Karimi alikuwa amechoka, kichwa kinaanguka, na baba yake akamvuta amlaze mapajani.

"Usimlaze," nikasema.

"Mtoto amechoka."

"Akilala hewa haitapita. Mkalishe wima."

"Umenifundisha ya kutosha, mwalimu," akasema, akamlaza.

Karimi alianza kurusha miguu. Midomo yake ilibadilika rangi mbele ya macho yetu. Nilimshika sweta nikamvuta juu, na Baba Karimi akanishika mkono kwa nguvu, akainua wake mwingine. Nilijua ananipiga. Nilifumba macho na sikuachilia sweta. Halafu nikasikia mtoto akivuta hewa, ndefu, yenye mluzi. Nilipofumbua macho ule mkono wake ulikuwa bado juu, lakini alikuwa anamwangalia mtoto. Akaushusha. Akamgeuza Karimi, akamwegemeza mgongo kwenye kifua chake, akamshika hivyo mpaka hospitali ya Nkubu. Gari likiteleza, alikuwa anajigonga yeye kwenye chuma ili mtoto asitikisike.

Hospitalini walimchukua mbio bila hata kutuuliza jina. Tulikaa kwenye benchi moja, yeye upande ule, mimi upande huu. Baada ya muda alitoa miraa mfukoni, akaiangalia, akairudisha. Akatema kwenye kitambaa, na nikaona ni damu. Akaona nimeona.

"Yangu hutoka hivyo tangu zamani," akasema. "Ya mama yake pia. Kwetu tunajua ni hivyo tu mdomo huwa."

Nilikuwa nimewafundisha watoto wa darasa zima habari za fizi, na sikuwahi kufikiria mtoto anarudi nyumba gani, anaona kinywa gani kila siku.

Daktari alitoka jioni. Walimchana chini ya kidevu wakatoa usaha mwingi, wakaweka mrija, wakang'oa gego la chini. Alisema lile gego lilioza siku nyingi, usaha ukapita kwenye mzizi ukashuka shingoni. "Si kijiti," alisema, nilipouliza mwenyewe. "Hili jino limemuuma miezi. Hakuwahi kulia?"

Tukaangaliana, mimi na Baba Karimi. Hakuwahi. Si kwake, si kwangu. Daktari akasema tusubiri, usiku wa kwanza ndio utaamua. Baba Karimi alikataa kuondoka, akalala pale pale kwenye benchi. Mimi nilirudi nyumbani, na kama unakumbuka jioni moja nilipokukumbatia mpaka ukalalamika unaumia, ndiyo hiyo.

Aliishi. Siku nilipoenda kumwona na sauti imeanza kurudi, alinivuta nimsikie karibu. Nilidhani atasema anaumwa.

"Mwalimu, usiwaambie darasani."

Baba yake alikuwa upande wa pili wa kitanda. "Wasiambiwe nini?"

"Kwamba nilikuwa na jino chafu. Nitawekwa kwa ile laini."

"Laini gani?"

Karimi akaniangalia. Ilinibidi niseme mimi. Nilimweleza, Ijumaa, gwaride, wasafi huku na wachafu kule. Nilimweleza nikiwa nimesimama, maana sikuweza kukaa. Nilingoja anipigie kelele. Kendi, hakupiga. Aliongea polepole kama mtu anayejisomea.

"Kwa hivyo alikuwa anaogopa wewe kuliko maumivu." Kisha akaongeza, "Na mimi hakuniambia. Pengine alituogopa sote wawili."

Sijawahi kuambiwa neno zito kuliko hilo, na nimezika wazazi wangu wote.

Mkutano wa wazazi uliitwa. Chumba kilijaa, wengine wamesimama madirishani, na mwalimu mkuu alikuwa ameshaniambia nijitayarishe kwa uhamisho. Waliongea wengi, wote juu ya damu na vijiti. Niliomba msamaha kwa ajili ya kusugua vibaya na kwa ajili ya zile laini, na watu hawakutulia. Mwishowe Baba Karimi akasimama, wote wakanyamaza kwa sababu walingoja yeye ndiye animalize.

"Mtoto yangu hakuharibiwa na kijiti," akasema. "Jino lilioza kwa nyumba yangu, na mimi niko hapo. Hii mwalimu alivuta mtoto sweta apate hewa, na mimi nikitaka kumpiga huyu mwalimu. Hiyo nitasema ukweli. Lakini ile laini ya Ijumaa ikome. Ikome leo." Akanitazama. "Na kama unataka kuonyesha watoto fizi mbaya, usionyeshe ya mtoto wa mtu. Onyesha yangu."

Watu walicheka kwa kutojua kama ni mzaha. Hakuwa anafanya mzaha. Wiki iliyofuata alikuja darasa la tano na koti lake la kanisani, akaketi mbele kwenye kiti changu, akafungua mdomo. Watoto walipita mmoja mmoja. Fizi zake zilikuwa zimevimba, nyekundu kama nyama mbichi, zimerudi nyuma, na meno mawili yalikuwa yanacheza. Hakuna mtoto aliyecheka. Mmoja alimuuliza kama inauma. Akasema, "Haiumi, ndiyo sababu nilidanganyika." Mpaka leo sijapata sentensi nzuri kuliko hiyo ya kufundishia ugonjwa wa fizi.

Siku hiyo nilifundisha upya. Nilisema damu si sababu ya kuacha kupiga mswaki. Ni ukoga unaoitoa, basi uondoe taratibu pale kwenye mpaka wa jino na ufizi, kwa kuzungusha, usiku kabla ya kulala hasa, na siku si nyingi ufizi utatulia. Usipotulia, nenda hospitali, maana kuna damu nyingine inayotokana na magonjwa ambayo mswaki hauyawezi. Nikasema sijui yote. Hilo la mwisho lilikuwa geni kinywani mwangu.

Nisikudanganye kwamba kila kitu kilinyooka. Kuna mzazi alimhamisha mtoto wake shule nyingine kwa sababu yangu. Kiangazi kilipokuja mwalimu mkuu alifunga tangi, akasema maji ni ya kupikia uji, si ya kutema. Baba Karimi alienda kusafishwa meno na kujaribu kupunguza miraa, lakini yale mawili yalitoka hata hivyo; yalikuwa yamechelewa. Karimi ana kovu chini ya kidevu mpaka leo. Anauza viazi Nkubu, na tukikutana tunasalimiana vizuri, lakini hakuwa rafiki yangu, na sioni kwa nini alazimike kuwa.

Wewe una vyeti ambavyo mimi sikuwa navyo. Unajua majina ya vitu ambavyo nilivionyesha kwa kidole. Kwa hiyo sikufundishi fizi. Nakuambia tu juu ya watu watakaosimama mbele yako huko Kiambere. Watakuwa wamesikia uvumi kabla hujafika. Wakija na hasira, mzazi mmoja kati yao atakuwa ameficha hofu ndani yake, mtafute huyo, ongea naye. Mwalimu mkuu akikuambia unyamaze, huenda anakutakia mema. Mimi wa kwangu alinitakia mema kabisa. Ujiulize tu ni nani atakayelipia kimya chako. Na ukikosea, maana utakosea, kubali hapo hapo mbele ya wale uliowakosea, hata kama bado wana mawe mikononi. Msamaha ulioombwa mbali na watu haukuwahi kunisaidia.

Usiogope kwenda nyumbani kwa watoto. Kaa na mama zao, wakikuonyesha wanavyosafisha meno usiwarekebishe siku ya kwanza. Kijiti si adui yako. Aibu ndiyo adui, nayo utaikuta imeshakaa darasani kabla yako.

Nasikia mbwa wanabweka, pengine ni wewe unarudi na baba yako. Nitaiweka hii ndani ya kitabu chako cha juu, uisome ukishafika, usiisome njiani.

Siku yako ya kwanza utasimama mbele yao na lile taya lako jipya la plasta, na wote watakuangalia. Watacheka kwa jambo fulani, watoto hucheka. Nyuma kabisa kutakuwa na mmoja anayecheka na kiganja mdomoni. Usimwite mbele. Usiseme jina lake. Maliza somo, wengine wakitoka kucheza, nenda ukae kwenye dawati lake, umuulize habari za nyumbani, na ungoje. Hata kengele ikilia, ngoja.

Ni mimi nikupendaye,
Mami